Mwamba Ulikuwa Mkavu

Siku ya tatu ya msiba wa Bibi, wageni wa alasiri walipokwisha kuondoka, nilisimama nyuma ya mlango wa sebule ya Ami Seif huko Bawshar, Maskati, dele la kahawa mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, nikasita kuingia. Ami, mwana mkubwa wa Bibi, alikuwa akizungumza na jirani yake, mzee aliyezaliwa Pemba kama wengi wa mtaa ule. "Mama akili zilianza kumtoka siku ile ya pwani," alisema. "Kabla ya hapo, wallahi, alikuwa anakukumbusha ulichokula Idi ya mwaka juzi. Siku ile akawachukua watu kuwapeleka baharini kwa hesabu za mwezi. Tokea hapo, khalas, basi." Jirani akaguna. "Uzee, Seif. Uzee haupigi hodi." Kwetu anayemimina kahawa hana mazungumzo. Huingia kimya, hujaza finjani chini ya nusu, na husimama mbele ya mnywaji mpaka aitikise finjani yake, ishara kwamba imetosha. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo kwa siku tatu bila kukosea. Sasa nilibaki nyuma ya mlango, kwa kuwa sentensi ile niliyoisikia haikuwa ya kweli, na kati ya watu wawili walio hai wanaojua hivyo, mmoja alikuwa mimi.

Nakaribia miaka arobaini na bado ni mwanafunzi. Naandika tasnifu ya udaktari kuhusu mienendo ya pwani, na nimezoea kutoiacha sentensi iende peke yake bila kuisindikiza kwa tahadhari mbili tatu. Mwaka ninaoukumbuka hapa ni ule niliokuwa na miaka ishirini na saba, ambao ulinifundisha tahadhari hizo kwa njia mbaya. Tasnifu yangu ya uzamili ilikuwa imerudishwa. Vipimo vya kupwa na kujaa nilivyovitumia viliandikwa kwa saa za Greenwich, na mtu wa Maskati hana budi kuviongezea saa nne. Mimi niliziongeza kwenye orodha ambayo mwenzangu wa maabara alikwisha kuiongezea. Saa nne juu ya saa nne, mwezi baada ya mwezi, katika kila mchoro. Msimamizi wangu alikunja karatasi taratibu akasema, "Bahari yako yote, binti, imechelewa." Hakusema kwa ukali, na nadhani ndiyo sababu sentensi hiyo haikunitoka. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nikifunga mlango, nikishuka ngazi, kisha nikipanda tena kuhakikisha kwamba nimeufunga. Kila namba niliyoiona, hata namba ya gorofa kwenye lifti, niliishuku kwamba kuna mtu amekwisha kuisahihisha kabla yangu.

Mwaka huo nilihama mabweni ya chuo huko Al Khoudh nikaenda kuishi na Bibi Zuwena katika fleti yake ya Darsait, juu ya karakana ya kuchomelea vyuma. Vyumba vilikuwa vitatu. Kimoja cha Bibi, chenye sanduku la mbao lililojaa kanga ambazo hazivaliwi. Kimoja nilichogawana na Eseza, msichana wa Kiganda aliyekuwa akimsaidia kazi za nyumbani. Na sebule iliyokuwa pia chumba cha kulia, cha kusalia na cha kugombania. Asubuhi kulikuwa na chai ya maziwa yenye iliki na mkate wa kumimina uliobaki jana, ukichomwa juu ya jiko mpaka ukingo ugeuke kahawia. Eseza alimwita Bibi "Jaja", kama wanavyowaita wazee kwao, na Bibi alijifanya kukasirika. "Mimi si Jaja, mimi Bi Zuwena." "Ndiyo, Jaja." "Khaa! Mtoto huyu!" Funguo za nyumba Bibi alizifunga kwenye pindo la kanga, na ulizisikia kabla hujamwona. Zilikuwa na maana zaidi ya funguo. Wanawe walitaka ahamie Bawshar, kwenye nyumba kubwa ya Ami Seif yenye lifti na bustani, naye akikataa kwa maneno yale yale kila Ijumaa: "Siku nitakaposhindwa kujua langu na lenu, mtanichukua. Leo nnajua." Hilo ndilo lililokuwa kwenye mizani mwaka huo. Alikaa Darsait kwa sharti la akili yake.

Nilikuwa nimepewa nafasi ya kuirudia kazi yangu, na sehemu ya kazi ilikuwa kuchukua sampuli za mchanga. Siku moja mwezi wa Mei nilizileta nyumbani zikiwa zimelowa, nikazitandaza zikauke kwenye masinia ya jikoni, kila moja na kibandiko chake. Mchanga mwingi wa huku ni wa rangi ya ngano au ya majivu. Sinia moja lakini lilikuwa jeupe, jeupe kabisa kama pwani za Unguja alikozaliwa Bibi, kwa sababu ufuko ule umetokana na matumbawe yaliyosagika. Nilipotoka kuoga nilimkuta Bibi ameingiza mkono mpaka kiganja chote kimezama.

"Mchanga huu wa wapi?"

"Wa hapa hapa Maskati, Bibi. Nyuma ya vilima vya Qantab. Gari haifiki, lazima uende kwa miguu."

"Usinitanie mie."

"Wallahi, Bibi. Na naomba utoe mkono, nimeshaupima uzito."

Hakuutoa. Eseza, aliyekuwa akimenya vitunguu, akasema, "Dada Raya, mwache. Anasalimia." Bibi akachukua chembe chache akazisugua kwa vidole karibu na sikio, kama mtu anayesikiliza saa ya mkononi, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba angependa kuukanyaga mchanga huo kwa miguu yake, na kwamba haikuwa lazima Seif ajue.

Kuufikia ufuko kulihitaji kuacha gari mwisho wa lami, kufuata bonde la changarawe karibu nusu saa, kisha kuzunguka bega la mwamba linaloingia baharini. Maji yakiwa yametoka, unapita kwenye kokoto bila kulowa. Yakijaa, hakuna njia, kwa kuwa nyuma ya ufuko jabali limesimama wima. Kila kitu kilitegemea saa. Bibi alikwenda kwenye kalenda ya ukutani, akaweka kidole kwenye tarehe ya Kiislamu. "Jumamosi mwezi kumi na tano. Bamvua hiyo, maji makubwa. Maji yanatoka mpaka saa nne asubuhi, ndiyo mwisho wake. Tukiondoka baada ya sala ya alfajiri tutakuwa tunakwenda nayo." Alisema bila kufikiri, kama mtu anavyotaja jina lake. Wanawake wa kwao walivyokuwa wakienda kutafuta pweza na kombe hawakuwa na karatasi. Walikuwa na mwezi.

Mimi nilikuwa na karatasi. Jedwali langu lilisema kwamba Jumamosi hiyo maji yangefika mwisho wa kupwa saa tisa na nusu alasiri. Niliketi kitandani nikilikazia macho. Mtu mwingine angemwambia Bibi kwamba amekosea, au angempigia simu mvuvi yeyote wa Qantab, jambo la dakika moja. Mimi nilikaa nikatafuta sababu ya tofauti, na sababu iliyokuja ilikuwa ile ile iliyokuwa ikininyima usingizi: kuna mtu ameongeza saa nne mara mbili. Nikazitoa. Saa tisa na nusu ikawa saa tano na nusu asubuhi, karibu na saa ya Bibi. Siwezi kueleza utulivu nilioupata. Hesabu ya mwezi na hesabu ya mashine zilikuwa zimeshikana mikono, na kosa langu la zamani, safari hii, nilikuwa nimelikamata kabla halijanikamata. Nililikunja jedwali nikaliweka mfukoni mwa begi. Bibi aliponiuliza, "Karatasi yako yasemaje?" nikamjibu, "Inakubaliana nawe."

Tulifika kwenye bega la mwamba kama saa kumi na mbili na nusu. Bibi alitembea kwa fimbo, akipumzika kila alipoona jiwe zuri la kukalia. Eseza alibeba kikapu chenye chupa ya chai, mayai ya kuchemsha na chupa mbili za maji, kwa kuwa tulikusudia kurudi mapema, na kwa hesabu zetu tungeweza kurudi wakati wowote tupendao. Maji pale yalifika kwenye muundi wa mguu. Yangepungua, niliwaambia. Hapo ndipo nilipouona mwamba. Bahari inayotoka huacha alama. Jiwe lililokuwa ndani ya maji muda mfupi uliopita hung'aa na kuchuruzika. Mwamba ule, kuanzia pale maji yalipoishia, ulikuwa mkavu kama unga. Nilijua maana yake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua maana yake. Nikasimama, na badala ya kusema, nikaanza kufikiri: huenda ni upepo wa alfajiri, huenda jiwe hili lina vinyweleo, huenda jua la Mei limekwisha kulikausha. Nilikuwa na maelezo matatu, na mtu mwenye maelezo matatu hana hata moja.

"Dada Raya," Eseza aliuliza, "hii maji inakuja ama inaenda? Mimi sijui kuogelea, nakwambia mapema."

"Inakwenda."

Bibi aliutazama mwamba. Akanitazama mimi. Kisha akakusanya buibui lake mpaka magotini akasema, "Haya, twendeni. Eseza, nishike."

Nusu saa ya kwanza siwezi kuinyima haki yake. Ufuko ulikuwa mdogo, upana wake hauzidi uwanja wa shule, na hapakuwa na nyayo za mtu yeyote. Bibi alivua viatu akavipanga pembeni kama anayeingia msikitini. Alikwenda mpaka mwisho akarudi, akakaa, akajifukia miguu, akamtaka Eseza naye ajifukie yake. "Baridi, ee?" "Baridi, Jaja. Kama unga wa muhogo." Alikula yai moja kwa chumvi na kulisifu kupita kiasi. Mimi sikuwa nao. Niliweka kijiti kwenye ukingo wa maji, na kila nilipokitazama kilikuwa kimesogea ndani ya bahari. Saa moja na nusu nilirudi kwenye bega la mwamba nikajaribu kupita, wimbi likanipiga kifuani. Niliporudi wote wawili walikuwa wameacha kuzungumza.

Tulikaa pale hadi saa saba mchana. Simu hazikupata mtandao. Kivuli cha jabali kilikuwa upana wa mkeka saa mbili, upana wa kitambaa cha kichwa saa nne, na saa tano hakikuwapo. Maji ya kunywa nilimpa Bibi kwa kifuniko cha chupa. Eseza, ambaye alikuwa ameniambia mapema kwamba haijui bahari, ndiye aliyeingia ndani yake mara kwa mara mpaka kiunoni kulowesha kanga na kumfunika Bibi, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya kutetemeka. "Yalla, Jaja, ongea. Usilale. Niambie mimi ni nani." "Wewe mtoto usiyesikia," Bibi alijibu, ulimi mzito. Baadaye aliacha kujibu, nami nilihesabu pumzi zake, nikasahau nilipofika, nikaanza tena. Maji yalipopungua kidogo Eseza hakunisubiri nipime. Alimbeba Bibi mgongoni kama mtoto, akauzunguka mwamba maji yakiwa tumboni, mimi nyuma nikiwa nimeshika fimbo na viatu.

Hospitalini walisema ni jua na ukosefu wa maji mwilini, na kwamba angepona. Ami Seif alifika akiwa bado na dishidasha ya kazini. Alimtazama kwanza Eseza, na Eseza akanitazama mimi. "Nani kawapeleka kule maji yanajaa? Nani kapanga?" Jedwali lilikuwa ndani ya begi langu, begi likiwa magotini mwangu. Nilikuwa nikitafuta pa kuanzia, kwa sababu ili kueleza kosa la saa nne ilibidi kueleza kosa la saa nne lililotangulia, wakati sauti ya Bibi ilipotoka kitandani, nyembamba. "Mie, Seif. Nlihesabu mwezi. Hesabu imenipotea." Ami akafumba macho. Nami nikafunga zipu ya begi, ambayo tayari ilikuwa imefungwa.

Ijumaa iliyofuata, nikiwa ngazini Bawshar na sinia la sambusa, nilisikia maamuzi yakifanywa sebuleni. Mke wa Ami alisema, "Juzi pwani, kesho jiko la gesi. Tutasubiri nini?" Ami akasema, "Mwenyewe alisema, siku atakaposhindwa kujua. Basi ndiyo imefika." Niliingia, nikaweka sinia, nikaulizwa kama nina homa. Mwisho wa mwezi Bibi alikaa kwenye kiti cha Darsait kwa mara ya mwisho, akaanza kulifungua pindo la kanga lenye funguo. Fundo lilikuwa la miaka mingi. Alihangaika nalo kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko ule wa ufukoni, Ami akiwa amenyoosha kiganja, nami nimesimama kando yao nikiwa na kila neno lililohitajika. Fundo likafunguka.

Nilimwambia Bibi peke yake, mwishoni mwa mwaka ule, tasnifu yangu ilipokwisha kupita. Chumba chake cha Bawshar kilikuwa na kiyoyozi, maua ya plastiki, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Nilimweleza kwamba jedwali lilikuwa sahihi tangu mwanzo, kwamba nililipunguza mimi. Kwamba hesabu yake ya mwezi haikuwa na kasoro hata ya dakika, ila ni ya Unguja. Kila pwani ina saa yake. Bamvua ya mwezi kumi na tano ikiwa imetoka kule, huku inajaa.

"Kwa hivyo haijanipotea," alisema.

"Haijakupotea, Bibi."

"Miaka yote hii nnahesabu maji ya watu wengine." Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Mwamba nliuona."

"Mwamba gani?"

"Usinifanye mjinga. Ulikuwa mkavu. Mtoto wa miaka sita anajua. Nawe uliuona, nlikutazama."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningelisema, tungelirudi."

Akanishika mkono, akaubinya kama alivyoubinya mchanga. "Siku utakayoweza, mwambie Seif. Si kwa ajili ya nyumba, nyumba ishakwenda. Nikisema mie atasema najitetea. Aliyepotewa na akili hasikilizwi. Mwambie wewe mwenye karatasi."

Nilisema ndiyo. Na baada ya hapo, kwa miaka kumi na mmoja, nilifanya kile ninachokijua kufanya, yaani nilitafuta wakati sahihi. Kulikuwa na harusi, na hazungumzi mtu mambo hayo harusini. Kulikuwa na Ramadhani. Kulikuwa na mwaka Ami alipopasuliwa moyo, na daktari akakataza mshtuko. Kila Ijumaa nilimkuta Bibi chumbani mwake, naye hakuniuliza tena. Aliniuliza tu mwezi ni wa ngapi, nikamwambia, akanitajia saa ya maji, na siku moja niligundua kwamba saa aliyonitajia ilikuwa ya Maskati. Alikuwa ameigeuza hesabu yake yote kichwani, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyejua kwamba kazi hiyo imefanyika humo.

Mchana wa siku hiyo ya tatu ya msiba, kabla ya wageni, nilipokea ujumbe wa sauti kutoka Masaka kwao Eseza, ambako sasa ana duka la vitambaa. Alilia kwanza, kisha akasema, "Jaja alikuwa mtu, dada. Alikuwa mtu. Sasa ile maneno ya maji, ulimwambia Baba Seif?" Nyuma yake mtoto alikuwa akiita. "Usinijibu mimi. Mwambie yeye."

Nyuma ya mlango ule wa sebule nilimsikia jirani akiaga, akatoka. Niliingia. Ami alikuwa peke yake kwenye mto wa kuegemea, amezeeka, ndevu zote nyeupe. Nilimimina, akapokea. Nikasema bila utangulizi, kwa sababu kila utangulizi niliokuwa nimeuandika kwa miaka hiyo ulinikimbia, kwamba siku ile ya pwani jedwali nilikuwa nalo mimi, lilisema kweli, na nililibadilisha. Kwamba Bibi hakukosa hesabu bali alihesabu kwa saa za kwao, na kwamba alipofika kwenye mwamba aliona kuwa maji yanajaa.

"Aliona?"

"Aliona, Ami."

"Aliona akaenda?"

"Aliona akaenda."

Mabega yake yakatikisika, na sikuweza kujua kama ni kicheko. "Huyo sasa," alisema, "ndiye mama yangu." Akanywa. Halafu uso wake ukatulia kwa namna niliyoiogopa tangu ujana wangu, akasema polepole, akitazama mlango wa chumba kile cha Bibi chenye dirisha la kutazama ukuta, "Miaka kumi na mmoja, Raya. Nilimchukua funguo kwa mkono huu."

Kwa mara ya kwanza sikuwa na tahadhari hata moja ya kuweka. Alinyoosha finjani mbele yangu, tupu, nami nikasubiri aitikise, ili niwe nimeruhusiwa kuondoka. Hakuitikisa. Nikamimina. Akanywa, akainyoosha tena, imetulia kabisa kati ya vidole vyake, nami nikaendelea kusimama.